Ulimwengu wenye kikomo au usio na kikomo: ulinganisho kwa anayetaka kuchagua upande

Kabla ya kuchagua upande, tuyatenganishe maneno mawili tuliyozoea kuyachanganya: ukingo na kikomo. Ukingo ni pale kitu kinapoishia, kama ukingo wa mto au wa barabara. Ukiuvuka uko nje. Kikomo ni kiasi kisichozidi, kama kikomo cha pesa unazoruhusiwa kutuma kwa simu kwa siku. Kitu kinaweza kuwa na kikomo bila kuwa na ukingo, na mfano wake tunaukanyaga kila siku: uso wa dunia una kilomita za mraba zipatazo milioni 510, hazizidi hapo, ila hakuna nahodha aliyewahi kufika ukingoni mwake. Ukilishika hili, nusu ya ubishi wa barazani kuhusu ukubwa wa ulimwengu inakwisha yenyewe. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu, na ndiyo ya kulinganishwa hapa.

Mpwa wangu wa darasa la sita aliniuliza jioni moja: “Mjomba, tukipaa moja kwa moja mpaka mwisho wa anga, ule ukuta nyuma yake kuna nini?” Kichwani mwake ukuta ulishajengwa na kupigwa plasta. Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 2,300. Archytas wa Tarentum, mwanahisabati wa Kigiriki wa zama za Plato, aliuliza: nikisimama mwisho kabisa wa mbingu, nitaweza kunyoosha fimbo yangu nje, au sitaweza? Nikiweza, basi kuna nafasi zaidi na pale hapakuwa mwisho. Nisipoweza, kuna kitu kimenizuia, na hicho nacho kinakaa mahali. Hivyo, hakuna mwisho. Hoja tamu, na hadi leo hutumiwa na wanaotetea ulimwengu usio na kikomo. Lakini itazame vizuri: imeuvunja ukingo tu. Kikomo haikukigusa. Anayezunguka dunia na fimbo yake mkononi hatakwama popote, na bado dunia ni ya kilomita 40,000 tu kuizunguka.

Wagombea ni watatu

Watu hupenda kuziweka pande mbili. Kwa kweli wanaogombea ni watatu, na kumsahau mmoja wao ndiko kunakowapotosha wengi.

Wa kwanza ni ulimwengu uliojipinda ukajifunga, kama uso wa mpira, ila kwa mielekeo mitatu badala ya miwili. Ukienda mbele bila kukata kona, na anga ikakusubiri bila kutanuka, ungerudi ulikotoka. Una kikomo, hauna ukingo. Albert Einstein ndiye aliyemwingiza ulingoni mwaka 1917, alipotumia milinganyo yake mipya ya uvutano kuueleza ulimwengu wote kwa mara ya kwanza.

Wa pili ni ulimwengu bapa, au uliopinda kinyume kama tandiko la punda, uliotanda tu bila kujifunga. Bapa hapa si wembamba wa chapati. Maana yake ni kwamba jiometri ya shuleni inafanya kazi kila mahali: mistari sambamba hubaki sambamba, na pembetatu hutoa nyuzi 180. Huyu ndiye asiye na kikomo. Einstein huyohuyo, mwaka 1932, aliandika pamoja na Willem de Sitter makala fupi inayopendekeza ulimwengu bapa. Miaka 15 ilimtosha kuhama, kwa hiyo nawe ukihama katikati ya kusoma usione haya.

Wa tatu ndiye anayesahauliwa: ulimwengu bapa ulioungwa. Waliowahi kumiliki Nokia 3310 wanamfahamu. Katika mchezo wa nyoka, ukicheza bila kuta, nyoka akitokea kulia anaingilia kushoto. Akitokea juu anaingilia chini. Uwanja wake haukupinda hata kidogo, wala nyoka hakutani na ukingo, ila nafasi yake yote inaenea kwenye kiganja. Ulimwengu nao unaweza kuwa hivyo, kwa mielekeo mitatu. Mrusi Alexander Friedmann, aliyekuwa wa kwanza kuonyesha kwa hesabu mwaka 1922 kwamba ulimwengu unaweza kutanuka, alitahadharisha mapema kwamba milinganyo ya Einstein peke yake haitoshi kuamua kama ulimwengu una kikomo. Milinganyo inaeleza anga inavyopinda mahali hadi mahali. Haielezi imeshonwaje kwa ujumla.

Upeo si ukubwa

Mara nyingi utasoma kwamba “ulimwengu una upana wa miaka ya nuru bilioni 93”. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Namba ni sahihi, jina lake ndilo lililokosewa. Huo ni upana wa sehemu tunayoweza kuiona, yaani upeo wetu. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na nuru hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kuna nuru ambayo bado haijatufikia. Na kwa kuwa anga imekuwa ikitanuka wakati nuru iko njiani, vitu vya mbali kabisa tunavyopokea nuru yao sasa viko umbali wa miaka ya nuru ipatayo bilioni 46 kila upande.

Ukisimama ufukweni macho yakiwa mita mbili juu ya maji, upeo wako uko kilomita tano hivi. Panda mlingoti wa mita 15, utaona kilomita 14. Hakuna mvuvi anayesema bahari ina upana wa kilomita 14. Tofauti ni kwamba baharini upeo unaletwa na kupinda kwa dunia, kwa hiyo ukiujua upeo na kimo chako unaujua mpindo. Angani upeo unaletwa na muda, nao haukwambii lolote kuhusu umbo. Tena mlingoti wa kupanda haupo, kuna kusubiri tu. Na tangu mwaka 1998 tunajua kwamba kutanuka kunazidi kasi, kwa hiyo hata kusubiri milele hakutatuletea nuru ya kila mahali.

Basi wagombea wote watatu wanakubaliana kuhusu bilioni 93. Wanagombania yaliyo nje ya hapo.

Pembetatu

Njia ya kuwatenganisha ni ya kifundi kabisa: chora pembetatu kubwa uwezavyo, pima pembe zake. Ijaribu kwanza hapa duniani. Anzia Nanyuki, Kenya, mahali ikweta inapopita, kwenye longitudo ya nyuzi 37 mashariki. Fuata ikweta kuelekea magharibi, vuka Uganda, Kongo, Gabon na bahari ya Atlantiki, hadi Macapá, Brazili, nyuzi 51 magharibi. Pinda nyuzi 90 uelekee kaskazini hadi ncha ya dunia, kisha shuka moja kwa moja mpaka Nanyuki. Pembe mbili za ikweta ni nyuzi 90 kila moja, ya ncha ni 88. Jumla 268, si 180. Umeushika mpindo wa dunia bila kupanda chombo cha anga.

Wala si lazima usafiri wote huo. Al-Biruni, karne ya 11, alikaa kwenye ngome ya Nandana huko Punjab, akapima kimo cha mlima na jinsi upeo ulivyoshuka chini ya usawa wa macho, akapata ukubwa wa dunia nzima. Nampenda mfano huu kuliko yote, kwa sababu unaonyesha kwamba kikomo cha kitu kinaweza kujulikana kutoka ndani, mahali pamoja, bila kukizunguka.

Pembetatu ya wanafalaki ina pembe moja hapa kwetu na mbili kwenye nuru ya kale kuliko zote: mnururisho uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson huko New Jersey mwaka 1964, ambao leo umepoa hadi nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo. Nuru hiyo iliachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Ina madoa madogo ya joto na baridi, na ukubwa halisi wa madoa hayo unajulikana, kwani ni umbali ambao mawimbi ya sauti yaliweza kusafiri ndani ya muda huo. Umbali wake kutoka kwetu nao unajulikana. Kilichobaki ni kupima doa linaonekana na upana gani. Anga ikiwa imejifunga kama mpira, madoa yataonekana makubwa zaidi. Ikipinda kama tandiko, madogo zaidi. Ikiwa bapa, yatakuwa na upana wa nyuzi 1 hivi, yaani mara mbili ya mwezi mpevu.

Puto la BOOMERanG, lililorushwa juu ya Antaktika mwishoni mwa 1998, lilitoa matokeo mwaka 2000: nyuzi 1. Setilaiti ya WMAP iliyorushwa 2001 ikakaza kipimo, na ile ya Planck, iliyorushwa 2009, ikakikaza zaidi. Matokeo ya mwisho ya Planck, yakichanganywa na ramani za galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, yanaupa mpindo thamani ya 0.0007, kukiwa na uwezekano wa kukosea wa 0.0019 juu au chini. Sifuri, yaani ubapa kamili, imo humo ndani bila taabu.

Wengi hufunga daftari hapo na kusema: bapa, kwa hiyo hauna kikomo. Ngoja kwanza. Wa tatu, yule wa nyoka, naye ni bapa, kipimo hiki hakimgusi hata kwa ncha ya kidole. Na wa kwanza hajaanguka pia, ameambiwa tu kwamba lazima awe mkubwa sana. Nikichukua upande wa kujifunga ulioachwa wazi na namba za Planck na kupiga hesabu, nusu kipenyo cha mpindo hakiwezi kupungua miaka ya nuru bilioni 200, na kuuzunguka ulimwengu huo ni zaidi ya miaka ya nuru trilioni moja. Mkubwa, lakini una kikomo.

Fundi anayeweka msingi wa nyumba hutumia pimamaji, na msingi hutoka sawa. Hajathibitisha kwamba dunia ni bapa. Amethibitisha kwamba kiwanja chake ni kidogo.

Kuna jambo jingine linaloudhoofisha ushahidi huu. Mwaka 1981 Alan Guth alipendekeza kwamba katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya mwanzo anga ilivimba kwa kasi ya ajabu. Kiswahili tunaweza kuuita mfumuko, ingawa msomaji ataukumbuka ule wa bei. Mfumuko wa namna hiyo hunyoosha mpindo wowote uliokuwepo, kama puto linalopulizwa hadi sisimizi aliye juu yake aone sakafu. Ikiwa ulitokea, na wanafalaki wengi wanadhani ulitokea, tungepima ubapa hata kama ulimwengu una kikomo. Jibu lilelile kwa wagombea wote halimpi yeyote kura.

Mwaka 2019 mgombea wa kwanza alikaribia kufufuka kwa kishindo. Eleonora Di Valentino, Alessandro Melchiorri na Joseph Silk walionyesha kwamba data za Planck zikiachwa peke yake zinapendelea ulimwengu uliojifunga, kwa kuwa nuru ya kale inaonekana kupindishwa njiani na uzito wa galaksi zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Ukiongeza ramani za galaksi, dalili hiyo inafifia na ubapa unarudi. Ubishi uliobaki ni kama ni halali kuchanganya vipimo visivyopatana.

Kila upande unatoza bei gani

Ukinunua ulimwengu usio na kikomo, unanunua na marudio. Chukua bao letu: mashimo 32, kete 64. Ukiacha sheria za mchezo na kuhesabu tu namna zote za kuzigawa kete hizo mashimoni, unapata karibu 1 ikifuatwa na sifuri 25. Nyingi kuliko mabao yote yatakayochezwa Zanzibar hadi kiama, lakini zinahesabika. Sasa fikiria mabao yasiyo na idadi, kila moja likipangwa kwa bahati nasibu. Mipangilio ni michache kuliko mabao, kwa hiyo lazima ijirudie, na kila mmoja ujirudie bila hesabu. Wanafizikia wana sababu nzito za kuamini kwamba kipande cha anga chenye ukubwa fulani na nishati fulani nacho kina idadi maalumu ya namna ya kupangika. Kama ni hivyo, na kama ulimwengu hauna kikomo na umejaa vitu vilivyopangwa kwa bahati nasibu, basi mbali mno kuna mwingine anayesoma sentensi hii, na mwingine aliyeachia njiani.

Angalia “kama” zilivyo nyingi hapo. Kutokuwa na kikomo peke yake hakuleti marudio: 1, 2, 3, 4 huendelea bila mwisho na hakuna namba inayojirudia. Kwa hiyo bei hii si lazima uilipe yote, lakini huwezi kujifanya hukuiona.

Bei ya pili ni ya kimantiki, na aliyeidai mapema ni Al-Kindi wa Baghdad, karne ya 9. Alisema: chukua mwili usio na kikomo, ukate kipande kinachopimika. Kilichobaki kina kikomo au hakina? Kikiwa nacho, basi ukikirudisha kipande jumla itakuwa na kikomo pia. Kikiwa hakina, kitakuwa sawa na kizima ilhali kimepungua, na hilo haliwezekani. Kwa karne nyingi hoja hii ilikuwa na nguvu. Georg Cantor, mwishoni mwa karne ya 19, aliijibu kwa namna ambayo Al-Kindi asingeitarajia: ndiyo, sehemu huwa sawa na nzima, na hiyo ndiyo tabia ya visivyo na kikomo. Ondoa namba zote witiri, namba shufwa zilizobaki ni nyingi sawasawa na zote za mwanzo. Kwa hisabati, Al-Kindi ameshindwa. Kwamba vitu halisi, mawe na galaksi, vinaweza kuwa hivyo, ni shauri jingine. Mara nyingi fizikia inapotoa jibu “bila kikomo”, kama msongamano wa katikati ya shimo jeusi, wanafizikia wenyewe hulichukua kama ishara kwamba mlinganyo umepita uwezo wake.

Bei ambayo hudhaniwa ipo lakini haipo ni ile ya kitone. “Kama ulimwengu ulianza kama kitone, utakosaje kikomo?” Kilichokuwa kidogo kama kitone ni sehemu tunayoiona leo, ile ya bilioni 93. Ikiwa ulimwengu hauna kikomo sasa, haukuwa nacho hata siku ya kwanza. Ulikuwa umesongamana kila mahali, kisha kila mahali pakaanza kutanuka.

Upande wenye kikomo nao una deni. Ukichagua wa kwanza, lazima ueleze kwa nini mpindo wake ni mdogo kiasi hiki lakini si sifuri. Ukichagua wa tatu, unakubali kwamba anga ina mielekeo maalumu, kama kitambaa chenye mshono, ilhali tumezoea kudhani pande zote ni sawa. Ila “nje yake kuna nini” si deni la yeyote kati yao. Kanga huwa na pindo, mji na jina. Ulimwengu huu ni kanga yenye mji bila pindo.

Faida kubwa ya wa tatu ni kwamba anaweza kukamatwa. Kwenye kitenge, ukiona ua lilelile kila baada ya hatua moja, unajua muhuri ni mmoja. Ulimwengu mdogo ulioungwa ungetuonyesha galaksi moja katika pande tofauti, ila kila picha ikiwa ya umri wake, jambo linalofanya kuitambua iwe vigumu, kama kumtafuta mtu mzima kwa picha yake ya chekechea. Kwa hiyo wataalamu walitafuta kitu safi zaidi: ule mnururisho wa kale ungekatana wenyewe kwa wenyewe, na mkato huo ungeonekana kama duara mbili zenye mfuatano uleule wa madoa, kila moja upande wake wa anga.

Mwaka 2003 Jean-Pierre Luminet na wenzake waliwasha moto kwa kupendekeza anga iliyoungwa kwa umbo lenye nyuso 12 za pembe tano, ingawa yao si bapa kabisa bali imepinda kidogo kama ya mgombea wa kwanza. Walisukumwa na jambo ambalo WMAP iliona: mawimbi mapana kabisa ya joto na baridi ni dhaifu kuliko hesabu zinavyotaka. Mpiga ngoma ataelewa mara moja, kwani ngoma ndogo haitoi mlio mzito. Ikiwa milio mizito imekosekana, huenda ngoma yenyewe ni ndogo. Mwaka uliofuata Neil Cornish, David Spergel, Glenn Starkman na Eiichiro Komatsu walichapisha matokeo ya kutafuta duara. Hawakuzikuta, wakahitimisha kwamba kwa aina nyingi za miungano ulimwengu hauwezi kuwa na upana ulio chini ya miaka ya nuru bilioni 78. Planck nayo haikuzikuta. Lakini milio mizito bado ni dhaifu, na haijulikani kama ni ngoma ndogo au ni bahati tu, maana tuna anga moja, hakuna ya pili ya kulinganishia. Kisha mwaka 2024 kundi la watafiti liitwalo COMPACT likaonyesha kwamba kukosekana kwa duara kunaacha aina nyingi za miungano zikiwa hai, kuliko ilivyodhaniwa.

Giza la usiku

Hoja hii naipitia haraka kwa kuwa kila mara kuna anayeileta. Ndani ya msitu mpana wa mikoko, kama ule wa delta ya Rufiji, popote utakapotupa jicho utagonga shina. Vivyo hivyo, nyota zikiwa hazina idadi, kila upande wa macho ungegonga nyota, na usiku ungewaka kama uso wa jua. Johannes Kepler aliitumia hoja hii mwaka 1610 kutetea kikomo; Heinrich Olbers aliirudia 1823 na jina likabaki kwake. Lakini usiku ni mweusi kwa sababu nyota hazikuwaka tangu milele, na nuru ya mbali haijafika. Giza linatuhadithia umri wa ulimwengu. Ukubwa halikuulizwa.

Uchague yupi

Kama wewe ni mwanafunzi au unafanya hesabu za falaki, chukua bapa usio na kikomo. Ndiyo rahisi kuandika, na ndani ya upeo wetu hautakukosesha jibu.

Kama unatafuta upande ambao dini itakusindikiza, utakuta waumini wamekaa kote. Al-Kindi alitetea kikomo akimtukuza Muumba. Nicholas wa Cusa, aliyekuja kuwa kadinali, aliandika mwaka 1440 kwamba ulimwengu hauna mzingo wala kitovu. Giordano Bruno alichomwa moto Roma mwaka 1600, na dunia zisizo na idadi zilikuwa miongoni mwa mashtaka yake.

Kama unataka swali lenye tumaini la kujibiwa, chagua kikomo. Hapa pande hizi haziko sawa kabisa, na kwangu mimi ndipo uzito ulipo. Tumbukiza kamba kisimani. Jiwe likigusa chini, umepata kina. Lisipogusa, umejua tu kwamba kamba ni fupi. Hujajua kwamba kisima hakina chini. Duara mbili zinazolingana, au mpindo wa kujifunga unaothibitishwa na vipimo zaidi ya kimoja, vingemaliza kesi. Hakuna kipimo, leo wala baada ya miaka elfu, kitakachoonyesha kwamba hakuna kikomo. Na kamba yenyewe haiwezi kurefuka sana: mpindo ukishuka chini ya yapata sehemu moja ya 10,000, utazamishwa na mabonde na vilima vya kawaida vya anga.

Mimi niko kwa wa tatu. Sina ushahidi wa kukushinda nao, nina kamba tu ambayo bado naitumbukiza.

Mpwa wangu nilimchorea nyoka kwenye karatasi. Akataka kujua anatokaje kulia na kuingilia kushoto, nikaikunja karatasi ikawa bomba, akaridhika. Kisha akataka juu na chini nazo ziungane. Tukalipinda bomba, karatasi ikakunjamana. Nikamwambia inakunjamana kwa kuwa tunailazimisha ndani ya chumba chetu, na kwamba ulimwengu haumo ndani ya chumba chochote. Akaitazama karatasi, akatazama dari.

“Kwa hiyo mjomba, ule ukuta ni wa kwetu?”